Lenzi Pana na Ua wa Mama Wanja

Barabara ya Moiben, Eldoret
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Senge Seline,

Nisamehe nikianza bila salamu. Nikianza na salamu nitajaza ukurasa kwa habari za ng'ombe, halafu nitafunga bahasha kabla ya kusema. Kuna picha iliyotundikwa sebuleni kwetu, juu ya kiti cha Baba. Mimi ndiye niliyeipiga. Picha hiyo inadanganya, na sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Sasa salamu. Sisi ni wazima. Mama bado anaumwa mgongo lakini hataki nimsaidie kukamua, anasema mikono yangu inawaudhi ng'ombe. Mdogo wangu Kiplimo yuko shule, kidato cha pili. Matokeo yangu nadhani uliyasikia, nilipata B. Nasubiri kuitwa chuo, na kwa sasa nafanya kazi siku tatu kwa wiki katika studio ya Bwana Kinyanjui mjini. Napiga watu picha za pasipoti. Kazi inanifaa kwa sababu mtu akipigwa picha ya pasipoti hatarajii mazungumzo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu tuliyo nayo ni ya Mama, kila mtu huisoma, na jina lako, ingawa wewe ni dada yake Baba, halitajwi kwa sauti hapa nyumbani. Ukinijibu, tumia sanduku la posta la studio, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Kamera uliyoniachia ni nzima, na ile lenzi yake moja, ya milimita hamsini. Lakini Bwana Kinyanjui ana lenzi pana sana, ya milimita kumi na mbili. Aliniona nikiishika kila siku nikifuta vumbi, akaniambia, "Enda nayo nyumbani. Ukiipenda, utanifanyia kazi kila Jumamosi mpaka Septemba, iwe yako. Usipoipenda, nirudishie bila mkwaruzo." Mimi nataka kupiga picha za nchi, Senge. Mashamba, mawingu, yale mapana yote. Kwa hamsini napata kipande tu, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango.

Kwa hivyo mwezi uliopita, mawingu ya kwanza yalipokuja, nilipanda juu ya mnara wa tangi la maji. Nilielekea upande wa jirani yetu Mama Wanja. Niliinua kamera ili mawingu yajae, na ule ua wa waya kati ya shamba letu na lake ukabaki huku chini pichani, ukipita kutoka kushoto hadi kulia. Haijawahi kutokea nipige picha nzuri kama ile. Bwana Kinyanjui alinioshea kubwa, nikaitia fremu, nikampa Baba. Unamjua Baba, husema asante kama anayekohoa. Siku hiyo aliita hadi mtu wa maziwa aingie ndani. "Ona. Huyu ni Jeruto wangu amepiga."

Siku ya nne alikuwa anakunywa chai akiitazama.

"Jeruto, kuja hapa. Hiyo fensi imenyooka?"

Nikatazama. Katikati ua ulikuwa umetokeza kuja upande wetu, kama tumbo. Nilijua mara moja ni kwa nini. Lenzi pana kama hii hupinda mstari wowote ulio karibu na ukingo wa picha, Bwana Kinyanjui alikuwa amenionyesha kwa fremu ya mlango. Nikafungua mdomo.

Baba akasema, "Miaka ishirini na moja natembea kando ya hiyo fensi sijaona kitu. Mtoto wangu amepanda juu mara moja tu, ameona." Akaniwekea mkono kichwani.

Nikafunga mdomo.

Sasa amefunga kwa mnyororo lile lango ambalo ng'ombe wa Mama Wanja hupitia kwenda kunywa maji kijitoni kwetu. Anasema Mama Wanja amekuwa akisogeza nguzo kidogo kidogo tangu mumewe afariki.

Nina maswali mawili. Je, niichukue hiyo lenzi? Na nifanye nini?

Mtoto wako,
Jeruto


Wamba
24 Machi 2025

Jeruto wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako ilipofika wasichana wa bweni ninalolisimamia walinizunguka wakidhani ni ya mchumba. Niliwauliza ni mchumba gani wa siku hizi anayeandika kwa mwandiko safi hivyo. Mimi ni mzima. Vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Mwambie mama yako atafute kigoda kirefu zaidi cha kukamulia, asiiname. Hongera kwa B, na usimruhusu mtu yeyote aiite ndogo.

Sasa lenzi. Kila anayeanza kupiga picha za nchi hudhani lenzi pana ni ya kuingiza vitu vingi. Anapanda mahali pa juu, anaingiza mlima, mashamba na barabara, na akifika nyumbani anakuta mlima umekuwa kichuguu. Lenzi hiyo husukuma nyuma kila kilicho mbali na kukikuza kilicho miguuni pako. Kwa hivyo ni lenzi ya kusogelea. Lazima uwe na kitu mbele yako, hatua moja au mbili tu. Jiwe, tope, jani la hindi, mkono wa mtu. Ile nchi yako pana inakaa nyuma ya kitu hicho. Usipokuwa na cha kuweka mbele, utakuwa umetoa Jumamosi zako zote kununua mbingu tupu.

Nami nakujua. Wageni wakija ulikuwa unajifungia jikoni na kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nashuku unaitaka lenzi hii kwa sababu unafikiri itakuruhusu ubaki mbali na bado upate kila kitu. Haifanyi hivyo.

Fanya jaribio. Kila ukitamani kupiga picha kwa lenzi pana, kabla ya kubonyeza, andika kwenye daftari ulikuwa karibu na nini. Ukikuta umeandika "mbali" kila mara, mrudishie Kinyanjui mali yake.

Kuhusu hilo lingine, niko mbali na sijui mambo ya huko yalivyo siku hizi. Baba yako ni mtu mzima.

Senge yako,
Seline


Barabara ya Moiben, Eldoret
6 Aprili 2025

Senge,

Natumaini hujambo na wasichana wako hawajambo. Hapa mvua imeanza. Mama amepata kigoda, anakushukuru ingawa nilimwambia wazo ni la mteja mmoja wa studio. Kiplimo amefunga shule na amerefuka, suruali zake zote zinaonyesha soksi.

Daftari nimelianza. Nimeandika mara kumi na moja. Mara kumi ni "mbali". Ile moja ni ndoo.

Hukunijibu swali la pili. Nilisoma barua yako mara nne nikilitafuta.

Wacha nikueleze mambo yalivyo huku siku hizi, kwa kuwa unasema hujui. Watu wote wanapanda. Baba amepanda kila mahali isipokuwa kando ya ua, anasema kipande hicho atakipanda kikirudi kamili. Mgeni akiingia, kabla hajaketi, Baba anachukua fimbo na kufuata ua kwenye picha. "Anza hapa. Sasa fuata. Umeona vile imeingia?" Mgeni anasema ameona. Nani atasema hajaona?

Mama Wanja anachota maji kwa mitungi kutoka barabarani, anawanywesha ng'ombe sita kwa beseni. Mahali pa kupimia maziwa nilisikia yake yamepungua nusu. Jumapili nje ya kanisa mwanamume mmoja alisema, "Hawa waliokuja, ukiwapa lango watataka shamba." Senge, wewe umelelewa hapa. Unajua jirani wa kabila lingine akiitwa hivyo kwetu, watu huanza kusikiliza kwa namna nyingine.

Juzi nilikuwa nafagia karibu na lango. Mama Wanja alikuwa upande wake, ameweka mtungi chini.

"Jeruto, baba yako nimemkosea nini? Nikimuuliza ananiangalia kama ukuta."

"Sijui, Mama."

"Haya. Ukijua, utaniambia, sindio?"

"Ndiyo."

Sikuwa nimewahi kumdanganya mtu mzima uso kwa uso. Nilikwenda nyuma ya zizi nikabaki huko na ufagio hadi alipoondoka.

Kwa nini hukusema lolote kuhusu ua? Na kwa nini jina lako halitajwi hapa? Nilikuwa na miaka minane ulipokuja mara ya mwisho kuniletea kamera. Wewe na Baba hamkukaa chumba kimoja hata siku moja. Nilidhani ndivyo ndugu walivyo.

Jeruto


Wamba
15 Aprili 2025

Jeruto,

Salamu. Tuko salama.

Nyamaza. Ukisema sasa utamvunjia baba yako heshima mbele ya watu aliokwisha kuwaonyesha, na hatakusamehe upesi. Najua ninachosema. Ataitwa mpimaji wa ardhi, atapima kwa chombo chake, na chombo hakina baba. Mambo yataisha yenyewe.

Rudisha lenzi. Mara kumi "mbali" ni jibu tosha.

Hayo mengine usiniulize.

Seline


Barabara ya Moiben, Eldoret
27 Aprili 2025

Senge,

Hatujambo. Mahindi yameota. Mama anakusalimu, safari hii nilimwambia ni wewe, naye akasema, "Mwambie asante kwa kigoda."

Mpimaji haji. Chifu amesema hawezi kuandika barua ya kumwita kabla wazee hawajakaa. Watakaa Jumamosi tarehe 10 Mei, saa nne asubuhi, pale pale kwenye ua. Baba hana haja ya mpimaji. Yeye na Kiplimo wamechimba mashimo tisa ya nguzo mpya. Waliyachimba ndani ya shamba la Mama Wanja, kwenye maharagwe yake. Alisimama mlangoni kwake akiwatazama, na mimi nilitamani apige kelele.

Jumatano Baba aliniita. Alikuwa mpole, na hilo ndilo baya zaidi.

"Siku hiyo utashika picha. Wazee wakiuliza, utasema ulipiga wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Baba, mimi siwezi kuongea mbele ya watu."

"Huhitaji kuongea. Shika tu."

Umeona? Uliniambia ninyamaze. Lakini nikisimama pale nimeishika, nitakuwa nimesema.

Baada ya hapo nilifanya jambo. Baba alipokwenda Soy kununua mbolea, nilipanda tena juu ya tangi na ile lenzi. Sijairudisha, samahani. Nilipiga picha moja kama ile ya kwanza, kamera imeinuliwa, ua uko chini pichani. Ukapinda kuja kwetu. Kisha, bila kusogeza mguu, nikainamisha kamera hadi ua ukapita juu, karibu na ukingo wa juu. Ukapinda kwenda ule upande mwingine, Senge! Ukiitazama hiyo utasema sisi ndio tumeingia kwa Mama Wanja, na kwa kiasi kile kile. Ni ua ule ule, saa ile ile.

Nimeziosha zote mbili. Ziko ndani ya daftari, chini ya godoro langu.

Siombi tena unieleze habari za zamani. Nijibu jambo moja tu kabla ya tarehe kumi: nizitoe au nizichome?

Jeruto


Wamba
7 Mei 2025

Jeruto mpenzi,

Barua yako imefika leo mchana. Hii haiwezi kufika kabla ya Jumamosi. Naiandika hata hivyo.

Nilipanda kilimani panaposhika mtandao, nikapiga simu ya mama yako mara mbili. Mara ya pili ilishikwa. Nikasikia sauti ya baba yako ikisema, "Hello? Ni nani?" Nikakata. Nina miaka arobaini na moja, Jeruto, ninasimamia wasichana mia mbili, na nilikata simu nikakaa juu ya jiwe.

Nitakueleza sasa. Kipande kile cha Mama Wanja kilikuwa kimeahidiwa baba yako. Alikuwa na miaka ishirini na minne, alitaka kuoa, alikuwa ameshafyatua matofali. Mimi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha upigaji picha Nairobi. Babu yako aliwauzia Mama Wanja na mumewe ili mimi niende. Hakumuuliza baba yako. Alimwambia tu.

Siku ya kuweka mpaka, kamba ilivutwa kutoka kijitoni hadi barabarani. Mume wa Mama Wanja alishika mwisho mmoja. Babu yako akamwita baba yako ashike ule mwingine. "Wewe ndiye utabaki hapa. Shika, ili usije ukasema hukujua." Walipigilia nguzo kwa kuifuata kamba hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kamera mpya shingoni. Nilimlenga baba yako. Akaniangalia kwenye lenzi. Sikubonyeza.

Ua ule umenyooka. Hakuna anayejua hivyo kuliko baba yako. Picha yako haikumdanganya macho. Ilimpa ruhusa.

Chuo nilimaliza, nikafanya kazi na Kinyanjui miaka michache, halafu nikaacha. Kila harusi niliyopiga niliona matofali yale. Nilikuambia unyamaze kwa sababu mimi nimenyamaza miaka ishirini na moja, na nadhani nilitaka mwenzangu.

Zitoe. Ukisoma hii utakuwa umekwisha kuamua bila mimi. Kwa vyovyote ulivyoamua, mimi niko upande wako.

Seline


Barabara ya Moiben, Eldoret
25 Mei 2025

Senge mpenzi,

Salamu kutoka kwa wote, na safari hii namaanisha karibu wote. Mahindi yamefika magotini. Kiplimo amerudi shule na suruali mpya. Barua yako ya tarehe saba niliipata studio tarehe ishirini, siku kumi baada ya kikao. Kwa hivyo wacha nikueleze nilichofanya bila wewe.

Walikuja wazee watano na chifu, na watu wengine wengi ambao hakuna aliyewaita. Viti vya plastiki vilipangwa kando ya ua, vya kwetu upande huu, cha Mama Wanja peke yake upande ule. Baba alizungumza vizuri. Alisema hataki ugomvi, anataka chake tu. Kisha akasema, "Jeruto, onyesha."

Nikasimama na fremu kifuani. Chifu akaniuliza, "Ni wewe ulipiga hii?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema kwa mdomo, msichana. Shahidi wa kutikisa kichwa hatuandiki."

Sauti haikutoka. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja, Wabuge, akasema, "Mwacheni, huyu alizaliwa wakati wa kimya." Wakacheka. Nilimwona Baba akinitazama, bado mpole, akinitia moyo kwa macho, na nikajua nikichelewa kidogo tu nitaketi na mambo yatakuwa yamekwisha.

Niliweka fremu kwenye nyasi. Nikatoa kamera na ile lenzi pana chini ya sweta. Nikamwendea chifu na nikasema, na sijui sauti ile ilitoka wapi, "Naomba usimame hapa."

"Mimi?"

"Hapa pembeni. Karibu zaidi."

Nilisimama hatua moja kutoka kwake, nikamweka kwenye kona ya picha, nikabonyeza. Nikampa Mzee Wabuge kamera atazame kioo cha nyuma. Alitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Chifu! Umekuwa boga!"

"Nini? Lete." Chifu akatazama. "Ati hii ni kichwa yangu? Nani amevuta kichwa yangu hivi?"

Wazee wote walisimama kuona, wakacheka hadi mmoja akashika ua. Hata Mama Wanja alinyoosha shingo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa wakimaliza kucheka.

Walipotulia nikatoa zile picha mbili kwenye daftari, nikaziweka kwenye magoti ya chifu. Nikasema, "Ni lenzi. Inavuta kila kilicho pembeni. Hapa fensi iko chini, inaonekana imeingia kwetu. Hapa iko juu, inaonekana tumeingia kwake. Nilipiga zote mahali pamoja. Ile ya sebuleni ni hivyo hivyo. Fensi haijasogezwa."

Chifu akauliza, "Na tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Baba alifurahi."

Hilo sikupanga kulisema, Senge. Lilitoka lenyewe.

Baba alinyoosha mkono, akapewa picha mbili. Akaitazama moja, akaitazama nyingine, kwa muda mrefu. Nilingoja aseme mimi ni mtoto, sijui kitu. Hakubishana hata kidogo, na siku ile sikuelewa kwa nini. Alirudisha picha kwa chifu akasema, "Fensi iko sawa. Mtanisamehe kwa kuwapotezea siku." Kisha akachukua jembe, akapita kwa Mama Wanja, akaanza kufukia mashimo. Yote tisa, peke yake, watu wakimtazama. Alipomaliza alikwenda langoni akafungua mnyororo.

Nilidhani Mama Wanja angenishukuru. Alikuja hadi kwenye ua akasema kwa sauti ya chini, "Miezi miwili nabeba mitungi. Nilikuuliza hapa hapa, ukaniambia hujui." Akaondoka. Bado haniitikii vizuri salamu. Na Mama, jioni, tukiosha vyombo: "Ungeniambia mimi kwanza, ningemwambia hapa jikoni, kusiwe na mtu." Sikuwahi hata kulifikiria hilo, na nadhani ana haki.

Baba hakunisemesha siku tisa. Alipotaka chumvi alimwomba Mama, nami nimekaa karibu na chumvi.

Sasa lenzi. Najua ulisema nirudishe, na Bwana Kinyanjui alitaka jibu. Kwa wiki moja niliichukia, niliifunga kwenye soksi. Kisha Jumanne asubuhi ng'ombe wa Mama Wanja walishuka kijitoni, nami nikachuchumaa kwenye tope, karibu na maji. Yule mweusi alikuja kunywa hadi akapumua kwenye kioo cha lenzi. Pua yake ilijaza chini yote ya picha, na nyuma yake kulikuwa na mashamba mawili na mbingu, na ua mwembamba kama uzi katikati, umenyooka. Nimeandika kwenye daftari: "karibu na pua ya ng'ombe". Nitaichukua. Bwana Kinyanjui atapata Jumamosi zangu mpaka Septemba, na mimi sipandi tena juu ya tangi.

Limebaki jambo moja.

Juzi nilikuwa nimekaa zizini nikiisoma barua yako kwa mara ya tano. Sikumsikia Baba akiingia na ndoo. Niliificha, lakini bahasha ilianguka. Akaiokota, akatazama mwandiko. Nilidhani ataichana. Aliifuta mavi kwa mkono wa shati akanipa. Akaketi, akaanza kukamua. Alikamua ng'ombe mzima.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Huko kwao kumenyesha?"

Nikasema sijui, hujaandika.

Akakamua tena. "Ukiandika, usiseme ni mimi nimeuliza."

Nikamwahidi, na sasa nimevunja ahadi kabla wino haujakauka. Kwa hivyo nakuomba, Senge, usimwambie yeye wala Mama wala mtu mwingine yeyote kwamba unajua. Niandikie tu kama kumenyesha huko, na kiasi gani, kama mtu anayejisemea habari zake. Nitaiacha barua mezani, na hili la kwamba aliuliza libaki kati yetu wawili.

Mtoto wako,
Jeruto